KARATASI YA KUPIGWA PICHA: TUENDE AU TUSIENDE?

Somo letu la leo linahusu karatasi moja ndogo. Karatasi hii tunapewa zahanati au kituo cha afya. Mganga anaandika kwamba twende hospitali ya wilaya tukapigwe picha. Siyo picha ya kitambulisho. Ni picha ya ndani ya mwili.

Wengi wetu tukishapewa karatasi hiyo, usingizi unakatika. Tunaanza kujiuliza: niende au nisiende? Mashine ile haitaniumiza? Na je, wakiona jambo baya?

Leo tutajifunza mambo manne:

1. Picha hizi zinapigwaje.
2. Zipi zina madhara na zipi hazina.
3. Maswali ya kumwuliza mganga kabla ya kuamua.
4. Namna ya kujiandaa siku ya kwenda.

Lakini kwanza tusikilize kisa cha mwenzetu.

KARATASI KWENYE PINDO LA KHANGA

Mama huyu alisoma nasi katika darasa la kisomo. Hatutataja jina lake wala kijiji chake, maana habari za ugonjwa ni siri ya mgonjwa.

Umri wake ni miaka 43. Kwa miezi mingi damu yake ya mwezi ilikuwa inatoka nyingi kupita kawaida. Chini ya kitovu alisikia uzito, kama mtu aliyemeza jiwe. Akipanda kilima na ndoo ya maji, alipumzika mara tatu. Zamani alikuwa hapumziki hata mara moja.

Alikwenda kituo cha afya. Mganga alimbonyeza tumbo. Akampima wingi wa damu, akampa vidonge vya kuongeza damu. Kisha akamwandikia karatasi: aende hospitali ya wilaya akapigwe altrasaundi ya nyonga.

"Maneno yote niliweza kuyasoma," anasema mama huyu. "Lakini sikuyaelewa. Na mimi niliona haya kuuliza."

Alirudi nyumbani. Karatasi akaifunga kwenye pindo la khanga. Ikakaa humo wiki tano. Mikunjo ikachakaa mpaka maandishi yakaanza kufutika.

Katika wiki hizo tano alisikia maneno mengi. Jirani mmoja alimwambia kwamba mashine ile inachoma matumbo. Mwingine akasema, "Shangazi yangu alipigwa picha. Mwezi haukwisha, tukamzika."

Sasa tujiulize. Je, ni picha iliyomwua yule shangazi? Mara nyingi mambo huwa hivi: mtu anaumwa mwaka mzima, anakaa nyumbani. Akishindwa kusimama ndipo anapelekwa hospitali. Anapigwa picha, na ugonjwa umekwisha kuenea. Akifa, watu wanasema picha imemwua. Ni sawa na kusema kwamba tochi ndiyo iliyoleta nyoka ndani ya nyumba. Tochi imemwonyesha tu. Nyoka alikuwamo tangu mchana.

Lakini baadaye mama huyu alituambia ukweli wa moyo wake. "Mashine sikuiogopa sana. Nilikuwa naogopa kuambiwa nina kansa. Nikasema, bora nisijue, nipalilie mpunga wangu."

Ndugu wasomaji, nani kati yetu hajawahi kusema maneno kama hayo?

HOFU SIYO UJINGA

Tusimcheke mama huyu. Hofu hii ni ya zamani kama mashine zenyewe.

Mionzi ya eksirei iligunduliwa mwezi wa Novemba mwaka 1895 na mtaalamu wa Ujerumani, Wilhelm Röntgen. Mwezi uliofuata alipiga picha mkono wa mke wake, Anna Bertha. Picha ilionyesha mifupa ya vidole, na pete ikiwa imezunguka mfupa. Inasimuliwa kwamba mama huyo alishtuka sana, akasema ameona kifo chake. Basi, hata mke wa mtaalamu aliogopa.

Mwenye hofu hafai kufokewa. Anafaa kuelezwa. Basi tuelezane.

PICHA HIZI ZINAPIGWAJE?

Altrasaundi. Picha hii haitumii mionzi wala moto. Inatumia sauti. Ukisimama mbele ya mlima ukapiga kelele, sauti yako inakurudia. Huo ndio mwangwi. Popo naye anafanya hivyo usiku. Anatoa sauti ambayo masikio yetu hayaisikii. Sauti inagonga mti au mdudu, inamrudia, naye anajua kitu kiko wapi.

Altrasaundi inafanya kazi kama popo. Mpimaji anakupaka mafuta mazito ya baridi tumboni. Mafuta haya yanaondoa hewa kati ya mashine na ngozi, maana hewa inazuia sauti ile isipite. Kisha anapitisha kifaa kidogo juu ya ngozi. Kifaa kinatuma sauti ndani, mwangwi unarudi, na mashine inaugeuza kuwa picha. Hakuna kuchomwa sindano. Hakuna kupasuliwa. Mara nyingine, kwa ugonjwa wa kizazi, mpimaji huomba kuingiza kifaa chembamba kwa njia ya uke ili aone vizuri. Lazima akueleze kwanza, nawe una haki ya kukubali au kukataa.

Aliyeanza kutumia njia hii kwa magonjwa ya wanawake ni Daktari Ian Donald wa mji wa Glasgow, huko Uskoti. Wazo alilipata kutoka kwenye mashine za kiwandani zilizokuwa zinatafuta nyufa ndani ya vyuma. Mgonjwa wake mmoja alikuwa na tumbo kubwa, na madaktari wengine walidhani ana kansa isiyoweza kutibika. Altrasaundi ikaonyesha siyo kansa ile. Ulikuwa mfuko wa maji kwenye kokwa la uzazi. Ukaondolewa, na mama yule akapona. Daktari Donald na wenzake walitangaza habari za kazi yao mwaka 1958.

Tuangalie vizuri kisa hicho. Picha ilimwondolea mama yule hukumu ya kifo aliyokwisha kupewa.

Eksirei. Hii inatumia mionzi. Mionzi inapita mwilini upesi sana. Mifupa inaizuia mingi, kwa hiyo inaonekana myeupe. Mapafu yana hewa, kwa hiyo yanaonekana meusi. Mtu akivunjika mkono, au akikohoa wiki nyingi na kukonda, eksirei inamsaidia daktari kuona. Ugonjwa wa kifua kikuu mara nyingi huanza kushukiwa kwa njia hiyo, kisha makohozi yakapimwa ili kuhakikisha.

Siti skani. Hii nayo ni ya mionzi, lakini mashine inazunguka mwili na kuonyesha vipande vipande, kama mkate uliokatwa. Ilitumika kwa mgonjwa mara ya kwanza mwaka 1971 katika hospitali moja ya London. Waliofanya kazi ya kuivumbua, Godfrey Hounsfield wa Uingereza na Allan Cormack aliyezaliwa Afrika Kusini, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Kwa kawaida iko katika hospitali kubwa, na bei yake ni ya juu.

JE, ZINA MADHARA?

Altrasaundi imetumika kwa watu wengi kwa zaidi ya miaka 60. Haijaonekana kudhuru mama wala mtoto inapotumiwa na mtaalamu kwa sababu ya tiba. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kwamba kila mama mjamzito apimwe altrasaundi mara moja kabla mimba haijafikisha wiki 24. Kipimo hicho kinasaidia kujua umri wa mimba na kama kuna mapacha.

Eksirei ya kifua ina mionzi kidogo. Hapa tulipo, kila siku tunapata mionzi kidogo kutoka ardhini na angani, tangu kuzaliwa mpaka kufa. Eksirei moja ya kifua ni sawa na mionzi hiyo ya kawaida ya siku chache, haizidi siku kumi hivi. Siti skani ya tumbo ni zaidi sana: ni kama mionzi ya kawaida ya miaka miwili au mitatu. Hatari yake kwa mtu mmoja bado ni ndogo, lakini ipo. Ndiyo maana siti skani haipigwi ovyo.

Wajawazito wawe waangalifu zaidi. Mwaka 1956 daktari mmoja wa kike wa Uingereza, Alice Stewart, pamoja na wenzake, walionyesha kwamba watoto ambao mama zao walipigwa eksirei wakiwa wajawazito walipata kansa zaidi kuliko wengine. Baadaye madaktari walibadilika. Kwa hiyo, mama, kama unahisi una mimba, hata kama huna hakika, sema kabla ya kuingia chumba cha eksirei. Usingoje kuulizwa. Kama hali ni ya hatari, daktari anaweza bado kuona kwamba inafaa kupiga, lakini atachukua tahadhari.

Tuseme na jambo jingine. Picha haioni kila kitu. Mara nyingine inapitwa na ugonjwa mdogo. Mara nyingine inaonyesha kitu kisicho na maana, mtu akapata wasiwasi wa bure. Kwa hiyo picha peke yake haitoshi. Inasomwa pamoja na maelezo yako na vipimo vingine. Na tujihadhari na wale wanaokuja mnadani na kijimashine, wakidai kwamba ukishika chuma mkononi wataona magonjwa yote ya mwili. Hao wanataka fedha zetu tu.

HOFU YA KUJUA

Sasa tufike kwenye hofu kubwa, ile ya kuambiwa jambo baya.

Hatutawadanganya. Wapo wanaopigwa picha wakaambiwa wana ugonjwa mzito. Siku hiyo ni ngumu. Lakini tukumbuke kwamba ugonjwa hauanzi siku ya kuambiwa. Upo, ujue usijue. Kutokujua hakuupunguzi. Kunaupa nafasi ya kukua.

Wazee wetu walisema: mficha maradhi kifo humuumbua. Mkulima anayeona majani ya mahindi yametobolewa hafumbi macho. Anafungua mmea, anatazama kama kuna funza. Akimwona mapema, anaokoa shamba. Akingoja mpaka mabua yaanguke, hakuna dawa.

Na mara nyingi kinachoonekana siyo kile tulichokiogopa. Uvimbe mwingi wa kizazi, kwa mfano, siyo kansa. Lakini mtu hawezi kulijua hilo kwa kulala akitazama dari.

MASWALI YA KUMWULIZA MGANGA

Kuuliza si utovu wa adabu. Mwili ni wako. Mganga mzuri anafurahi akiulizwa. Yaandike maswali haya kwenye daftari lako, maana sasa unajua kuandika:

1. Unatafuta nini katika picha hii?
2. Ni picha ya aina gani? Ina mionzi?
3. Nisipopigwa picha, kuna hatari gani? Ninaweza kungoja siku ngapi?
4. Kuna kipimo kingine kinachoweza kutosha?
5. Majibu yatabadilisha nini katika matibabu yangu?
6. Bei yake ni kiasi gani? Bima yangu inalipa?
7. Nani atanisomea majibu, na lini?

Swali la tatu na la tano ndiyo makubwa. Kama mganga anasema kungoja ni hatari, usiweke karatasi kwenye pindo. Kama anasema majibu hayatabadilisha kitu, unaweza kumwuliza kama picha inahitajika kweli. Uamuzi wa mwisho ni wako. Lakini uamue baada ya kuelezwa, siyo baada ya kutishwa kisimani.

NAMNA YA KUJIANDAA

Kwa altrasaundi ya nyonga, mara nyingi utaambiwa unywe maji mengi saa moja kabla, na usiende haja ndogo. Kibofu kikijaa, kizazi kinaonekana vizuri. Kwa altrasaundi ya ini na nyongo, utaambiwa usile kwa saa kadhaa. Uliza mapema, usije ukafunga safari ya bure.

Kwa eksirei, vua mikufu, hereni, na kitu chochote cha chuma kilicho karibu na sehemu inayopigwa.

Vaa nguo inayofunguka kwa urahisi. Chukua khanga ya kujifunika. Akina mama, kama mpimaji ni mwanamume na unaona haya, omba muuguzi wa kike awepo, au uingie na ndugu yako. Kuomba hivyo siyo kosa.

Usiende peke yako kama unaweza. Masikio ya mtu mwenye hofu hayasikii yote. Mwenzako atasikia yale yaliyokupita. Na akina baba, mke wako akipewa karatasi, usimwachie auze kuku wake kwa siri apate nauli. Kaeni mpange pamoja. Vivyo hivyo, baba mwenye kikohozi asimfiche mkewe karatasi chini ya godoro.

MAMA YETU ALIFANYAJE?

Wiki ya tano mama yule alianguka shambani. Giza lilimjia tu. Mumewe ndiye aliyemwokota, na alipokuwa anamfungua khanga apate hewa, karatasi ikaanguka.

"Mama watoto, hii nini?" akauliza.

"Ni karatasi ya hospitali, baba. Nilikuwa naogopa."

Mume hakumfokea. Alikaa chini. Akasema, "Hata mimi naogopa. Lakini twende tukaogope wote huko huko hospitali."

Kesho yake walipanda gari la alfajiri. Pale hospitalini muuguzi kijana aliwapokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mwanangu, mashine hii inachoma?"

"Haichomi, mama. Utasikia baridi ya mafuta tu. Mimi nitakuwa hapa hapa, nakushika mkono."

Kipimo hakikuchukua hata nusu saa. Ulionekana uvimbe katika misuli ya kizazi. Daktari alieleza kwamba uvimbe wa namna hii wanawake wengi wanao, na kwa nadra sana huwa kansa. Ndio uliokuwa unaleta damu nyingi.

Basi, mama akalia. Alilia kwa sababu mzigo wa wiki tano ulimshuka.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Daktari alipima damu yake tena, akakuta imepungua kuliko ile aliyopimwa kituo cha afya. Uvimbe ulitakiwa kuondolewa kwa upasuaji, lakini mwili haukuwa na damu ya kutosha. Ilibidi alazwe, aongezewe damu kwanza. Ndugu zake wawili walijitolea damu. Upasuaji ulifanyika baadaye, na mpunga wa msimu ule ulipaliliwa na majirani.

"Ningekwenda wiki ya kwanza," anasema mama huyu, "ningekwenda kwa miguu yangu. Nilikwenda nimebebwa."

Leo anapanda kilima na ndoo yake. Anapumzika mara moja tu, na anasema hapo ni kwa sababu ya umri.

TULIYOJIFUNZA

Altrasaundi inatumia sauti, haina mionzi. Eksirei ina mionzi kidogo. Siti skani ina mionzi zaidi, kwa hiyo inapigwa panapohitajika. Mwenye mimba aseme kabla ya eksirei. Hofu ni ya kawaida, na dawa yake ni kuuliza. Picha haileti ugonjwa. Inauonyesha tu, kama tochi inavyomwonyesha nyoka.

Ndugu msomaji, kama una karatasi iliyofungwa kwenye pindo, au iliyo chini ya godoro, hebu itoe leo. Isome. Neno usilolielewa lipigie mstari, kisha urudi kwa mganga umwulize. Tulijifunza kusoma ili maneno ya namna hiyo yasitushinde.

MANENO YA KUKUMBUKA

Mwangwi: sauti inayokurudia baada ya kugonga kitu.
Mionzi: nguvu isiyoonekana kwa macho inayoweza kupita mwilini.
Nyonga: sehemu ya chini ya kiwiliwili, mahali kilipo kizazi na kibofu.
Uvimbe: nyama iliyoota au kukua mahali isipotakiwa. Siyo kila uvimbe ni kansa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mama yule aliificha karatasi wiki tano? Taja sababu zote unazoziona.
2. Altrasaundi inafananaje na popo?
3. Kwa nini mama mjamzito aseme mapema kabla ya eksirei?
4. Katika kijiji chenu watu wanasema nini juu ya kupigwa picha? Yapi ni ya kweli na yapi si ya kweli?
5. Mume yule alifanya vizuri au vibaya? Wewe ungefanyaje?
6. Zoezi la kuandika: andika maswali matatu ambayo wewe ungemwuliza mganga. Msomee mwenzako.